Jarida la Jamii au Jarida Kubwa: Hadithi Yako Uipeleke Wapi?

Hadithi ikishachapishwa, haiwezi tena kuitwa kazi mpya. Sentensi hiyo inaonekana ya kijinga mpaka siku unapokutana na tangazo la shindano zuri, unafungua faili lako bora kuliko yote, kisha unakumbuka kwamba ilishatoka mwaka juzi katika jarida la chama cha waandishi wa wilaya, nakala mia mbili tu, na masharti ya shindano yanataka kazi ambayo haijawahi kutoka popote.

Ndiyo maana swali la kupeleka kazi kwenye jarida dogo la eneo lako au kwenye jarida kubwa linalopokea kutoka kila pembe silioni kuwa swali la hadhi. Ni swali la wapi uitumie ile nafasi moja ya kutoka kwa mara ya kwanza. Nimewahi kusoma miswada nikiwa upande wa wahariri, na yangu nimeipeleka pande zote mbili. Waandishi wengi huchagua kwa kutazama jina la jarida, ilhali kinachopaswa kutazamwa ni mswada wenyewe: una nini ndani, unamhusu nani, na unataka ukufikishe wapi.

Ninaposema jarida la jamii, nina maana ya lile linalotolewa na chama cha waandishi, maktaba ya umma, chuo au kituo cha sanaa kwa ajili ya watu wa eneo fulani. Aghalabu hutoka mara moja au mbili kwa mwaka, wahariri wake hujitolea, na fedha zake hutokana na michango, ruzuku ndogo au mfuko wa taasisi mama. Jarida kubwa ni lile lenye wasomaji wa kitaifa au kimataifa, linalopokea kazi bila kujali unakaa wapi.

Mpaka kati ya haya mawili si ukuta. Jarida la mashairi la Poetry lilianzishwa Chicago, Marekani, mwaka 1912 na Harriet Monroe kwa fedha za wakazi wa mji huo, watu mia moja walioahidi kuchangia dola 50 kila mwaka kwa miaka mitano. Jarida la fasihi la Black Orpheus lilianzia Ibadan, Nigeria, mwaka 1957, na Transition la Rajat Neogy likaanzia Kampala mwaka 1961. Yote yalikuwa na mji wake kabla ya kuwa na dunia. Ila usichague jarida kwa kubahatisha kwamba litakuja kuwa kubwa. Kwa kila moja lililokua yapo mengi yaliyokufa baada ya toleo la pili, na kazi zilizokuwamo zikafa nayo.

Nani anausoma mswada wako

Kwenye jarida kubwa, mswada haufiki moja kwa moja mezani kwa mhariri mkuu. Hupita kwanza kwa wasomaji wa awali, mara nyingi wanafunzi wa fasihi au waandishi wenzako wanaojitolea, kila mmoja amepewa fungu lake na tarehe ya kulimaliza. Akifika ukurasa wa pili bila kunaswa, huandika maoni mafupi na kuchukua mwingine. Huo si ukatili. Majarida yanayojulikana hupokea maelfu ya kazi kwa mwaka na kuchapisha makumi, kwa hiyo kukubaliwa kazi moja katika mia, au pungufu ya hapo, ni jambo la kawaida. Matokeo yake ni kwamba hadithi nzuri inayochelewa kushika kasi iko hatarini zaidi huko kuliko hadithi ya wastani yenye mwanzo mkali.

Jarida la jamii hupata miswada michache, na mara nyingi kamati nzima huisoma yote, kisha hukaa na kubishana. Kwenye kikao cha namna hiyo nimeona hadithi iliyokwisha kuwekwa kando ikirudishwa mezani kwa sababu mtu mmoja aliuliza, "Jamani, mlifika ukurasa wa sita?" Kumbe wengine walikuwa hawajafika. Mswada wa taratibu, unaojenga kidogo kidogo, una mtetezi mahali kama hapo.

Lakini kamati ndogo ina ladha yake, na ladha hiyo haibadiliki upesi. Kama matoleo matatu yaliyopita yamejaa mashairi ya kusifu mandhari na kumbukumbu za utotoni, hadithi yako ya kubuni kuhusu sayansi za mwaka 2200 itasomwa kwa adabu na kurudishwa kwa adabu. Kila mtu hushauri usome jarida kabla ya kulipelekea kazi, na wachache hufuata. Kwa jarida la jamii ushauri huu una uzito zaidi, maana hakuna mahali pengine pa kuijua ladha yake. Majarida haya hayaandikiwi uhakiki na wala hayasemwi redioni. Ni uende maktaba, uombe matoleo ya nyuma, ukae nayo.

Kuna pia suala la kujuana. Mengi, makubwa kwa madogo, husoma bila kuona majina ya waandishi. Katika eneo dogo utaratibu huo ni muhimu zaidi, kwa kuwa huenda nusu ya kamati wanakufahamu. Mwongozo ukisema uondoe jina, liondoe kila mahali: juu ya ukurasa, kwenye jina la faili, na hata kwenye maelezo ya faili ambayo programu ya kompyuta huyajaza yenyewe. Watu husahau hilo la mwisho. Jarida lisilosoma bila majina si lazima liwe la upendeleo, ila ukiona majina yaleyale toleo baada ya toleo, na majina hayo ndiyo hayohayo ya kamati, umeshapata jibu.

Uhariri, na mashairi yanavyoumia

Hapa majarida ya jamii hutofautiana yenyewe kwa yenyewe kuliko yanavyotofautiana na makubwa. Lipo ambalo mhariri wake, akiwa na kazi chache tu za kushughulikia, atakuandikia barua ndefu kuhusu aya yako ya tatu, atakuuliza kwa nini mhusika hakurudi nyumbani, na atasubiri uirekebishe. Mwandishi mchanga hapati elimu ya bure iliyo bora kuliko hiyo. Na lipo linalobandika faili lako kama lilivyokuja, makosa na yote, au linalolisahihisha bila kukuuliza.

Mashairi ndiyo huumia zaidi. Mishororo mirefu hukatwa kwa kuwa haikuenea kwenye upana wa ukurasa, beti huunganishwa ili nafasi itoshe, na shairi la vina na mizani hubadilishwa neno moja "ili lieleweke" na mizani ikavunjika. Kwa hiyo kabla ya kutuma, uliza swali moja: je, nitaonyeshwa nakala ya kusahihisha kabla halijaenda kwa mpiga chapa? Jarida likijibu ndiyo, lina watu wanaojua kazi yao. Likijibu kwamba muda hautoshi, peleka nathari, mashairi yabaki nyumbani.

Jarida kubwa karibu kila mara litakuonyesha nakala hiyo. Huko tatizo ni jingine. Mhariri anaweza kukubali hadithi kwa sharti la kuondoa theluthi yake, na kwa kuwa ni jina kubwa, mwandishi hukubali kabla hajajiuliza kama hadithi inabaki kuwa ileile.

Wasomaji watakaojitambua

Jambo hili halimo kwenye miongozo ya wachangiaji, na kwangu lina uzito kupita malipo.

Jarida kubwa husomwa na watu wasiokujua. Jarida la jamii husomwa na mwalimu wako wa zamani, na jirani wa mama yako, na yule mzee aliyewahi kugombana na baba yako kuhusu mpaka wa kiwanja. Kwa hadithi nyingi hiyo ni neema. Msomaji wa eneo anajua mto hufurika mwezi gani, anajua barabara ile ilijengwa baada ya ajali gani, anacheka kabla hujamaliza sentensi. Aya tatu ambazo ungezitumia kumweleza mgeni unazipata bure, unaziweka kwenye mambo yanayohitaji nafasi. Zipo hadithi ambazo ukizipeleka mbali zinageuka kuwa maelezo ya utalii, kwa sababu kila kitu inabidi kifafanuliwe.

Hadithi iliyotokana na ugomvi wa ukoo ni habari nyingine. Kubadilisha jina la mhusika hakutoshi mahali ambapo kila mtu anajua nani aliuza shamba la urithi na nani aliondoka usiku na mke wa nani. Tena sheria za kashfa katika nchi nyingi haziangalii jina peke yake. Inatosha mtu atambulike kwa maelezo. Jina la kalamu nalo halifichi mengi, kwa sababu siku ya uzinduzi mwandishi huitwa mbele asome. Mswada wa aina hiyo nisingeupeleka kwenye jarida la eneo hata kama mhariri angeniomba. Ningeupeleka mbali, ambako shangazi ni shangazi tu wa kwenye hadithi.

Na kwa kuwa nimetaja uzinduzi: ni moja ya faida kubwa za jarida la jamii, na watu huichukulia kama sherehe tu. Ukisoma kazi yako mbele ya watu ishirini, unasikia mahali wanapocheka, mahali wanapoanza kukohoa, na ile sentensi uliyoipenda mno ikipita bila mtu kuigusa. Jarida kubwa litakupa wasomaji wengi, na pengine hutasikia neno kutoka kwa hata mmoja wao.

Haki: hapa usome polepole

Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi za dunia ni wanachama wake, hakimiliki ni yako tangu ulipoandika. Huhitaji kusajili popote ndipo uipate. Kwa kawaida jarida huwa halinunui hadithi, linaomba ruhusa: kuichapisha mara ya kwanza, na siku hizi kuiweka kwenye kumbukumbu zake za mtandaoni. Baada ya hapo haki nyingine zote hubaki au hurudi kwako, nawe unaweza kuitia kwenye mkusanyiko wako, kuitafsiri, kuifanya mchezo wa redio.

Jarida kubwa litakutumia mkataba. Tafuta humo mambo matatu: haki gani zinachukuliwa, kwa muda gani, na zinarudi lini. Jarida la jamii mara nyingi halina mkataba kabisa, na hilo peke yake lisikutishe, maana katika nchi nyingi hakimiliki haihami bila maandishi. La kuogopwa ni ile sentensi moja chini ya fomu: "Kwa kutuma kazi hii, mwandishi anakubali kwamba haki zote ni mali ya jarida." Angalia vizuri maneno *kwa kutuma*. Ukiyafuata kama yalivyo, hata kazi iliyokataliwa imekwenda. Mara nyingi hakuna hila, mtu wa kujitolea alinakili fomu kutoka mahali pengine bila kuisoma. Mwandikie kwa heshima, mwambie uko tayari kutoa ruhusa ya uchapishaji wa kwanza na kuhifadhi mtandaoni, na kwamba haki nyingine unazishikilia. Wengi hukubali siku hiyohiyo. Asiyekubali, mnyime mswada. Ukiendelea naye utakuwa umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ni kitu gani huhesabiwa kuwa kuchapishwa? Wahariri wengi wanaona kwamba hadithi iliyowekwa hadharani mtandaoni, hata kwenye ukurasa wako mwenyewe, imeshatoka. Iliyosomwa kwenye kikundi kilichofungwa cha waandishi kwa kawaida haihesabiki. Jarida la nakala chache zilizopigwa chapa linahesabika, hata kama lilisambazwa kwa mkono. Na usibabaishwe na ISSN kwenye jalada: ni namba ya utambulisho yenye tarakimu nane, haisemi lolote kuhusu ubora.

Tuzo zinavyogeuza hesabu

Kama lengo lako ni tuzo, chunguza masharti yake kabla ya kuchagua jarida, kwa sababu tuzo mbili zinaweza kutaka vitu vinavyopingana. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea hadithi za maneno 2,000 hadi 5,000 ambazo hazijachapishwa, haina ada ya kuingia, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha inazozipokea. Mwandishi hutuma mwenyewe. Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za waandishi wa Afrika, ambayo ilianza kutolewa mwaka 2000, kwa miaka mingi imefuata njia ya kinyume: hadithi lazima iwe imeshachapishwa, kwa Kiingereza au kwa tafsiri ya Kiingereza, na anayeituma ni mchapishaji.

Kwa hiyo kutoka kwenye jarida dogo hufunga mlango wa kwanza na kufungua wa pili. Mwandishi wa Kenya, Binyavanga Wainaina, alishinda Caine mwaka 2002 kwa kazi iliyokuwa imetoka kwenye jarida la mtandaoni, wakati ambapo wengi hawakuyatia maanani majarida ya mtandaoni. Mwaka uliofuata jarida la fasihi la Kwani? likaanza Nairobi. Ukitaka njia hiyo ya pili, muulize mhariri wa jarida la jamii kama huwa wanapendekeza kazi kwenye tuzo. Wengi hawajawahi, si kwa kukataa bali kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaomba. Ukimwandalia barua na faili, yeye abaki na kazi ya kutuma tu, huenda akakubali.

Fedha na muda

Fedha haichukui maneno mengi. La jamii litakupa nakala moja au mbili; kubwa linaweza kulipa, linaweza lisilipe. Baadhi ya makubwa hutoza ada ndogo ya kupokea mswada kupitia mfumo wa mtandaoni, na ukituma kwingi ada hizo zinajikusanya. Jarida la jamii linalotoza ada ya kutuma, kisha likakutaka ununue nakala ili kazi yako itoke, halikuchapishi, linakuuzia.

Muda una la kusemwa zaidi. Jarida la jamii lina kalenda: dirisha hufunguliwa, hufungwa, kamati hukaa, majibu hutoka. Unajua lini usubiri. Jarida kubwa linaweza kukaa na mswada miezi sita au zaidi, na ndiyo maana mengi huruhusu kutuma kazi moja kwenye majarida kadhaa kwa wakati mmoja, mradi uwaarifu mara inapokubaliwa kwingine. Uruhusiwe na mwongozo usiruhusiwe, uangalifu unaohitajika kwa jarida dogo ni mkubwa zaidi. Ukiondoa hadithi yako kurasa zikiwa zimeshapangwa, kwenye jarida kubwa kuna nyingine mia zinazosubiri. Kwenye la jamii umeacha pengo la kurasa nane, na mtu anayekesha kuliziba anajua unapokaa.

Barua inayoambatana na mswada nayo hutofautiana. Kwa jarida kubwa sentensi tatu zatosha: jina la kazi, idadi ya maneno, ulikowahi kuchapishwa kama upo. Kwa la jamii ongeza moja inayoonyesha unahusianaje na eneo, kwa maana hilo ndilo sharti lao. Soma limeandikwaje. Mengine yanataka mkazi, mengine yanakubali mzaliwa aliyehama, mengine yanaangalia mada ya kazi tu. Kama ulihama zamani na mwongozo haueleweki, uliza. Usijipe anwani ya dada yako.

Mswada ulionao sasa hivi

Hadithi ya maneno 7,000 haina njia mbili. Majarida ya jamii hubana urefu kwa sababu kila ukurasa ni gharama, na mengi hayapiti maneno 3,000. Ipeleke kwenye jarida kubwa linalopokea urefu huo, na usiikate ili tu itoshee.

Hadithi ya kwanza kabisa uliyoimaliza, ambayo hujui kama imeiva: peleka kwenye jarida la jamii, lakini lile lenye mhariri anayejibu. Hapo unatafuta uhariri kuliko uchapishaji.

Hadithi unayoamini ndiyo bora yako, na ambayo inasimama bila msomaji kulijua eneo: anza juu. Ipeleke kwenye tuzo inayotaka kazi mpya, kisha kwenye majarida makubwa, na jarida la jamii liwe la mwisho. Wapo watakaosema huo ni ubinafsi dhidi ya jarida la nyumbani. Mimi naona ni kinyume, kwani jarida la jamii hudhalilika pale linapopewa kila kitu kwa kuwa halikatai. Andika kazi nyingine kwa ajili yake, ukiwafikiria wasomaji wake tangu sentensi ya kwanza.

Insha ya kumbukumbu kuhusu mahali, soko lililovunjwa au shule iliyofungwa, iende kwenye jarida la jamii bila kusita. Miaka ijayo mtu akitafuta habari za mahali hapo ataanzia maktaba ya eneo. Hakikisha tu kwamba jarida hupeleka nakala zake huko, na wewe mwenyewe tunza toleo la karatasi, kwa kuwa tovuti ndogo hufa mara tu anayelipia anapohama.

Mashairi ndiyo rahisi zaidi kugawa. Majarida mengi huyapokea matatu hadi matano kwa pamoja, na si lazima fungu zima liende mahali pamoja. Likikubaliwa moja tu kwingine, usiondoe yote. Mwandikie mhariri utaje jina la shairi lililotoka mkononi mwako na useme yaliyobaki bado ni yake kuyasoma.